Video ya Mgonjwa: Isikilize Kabla Hujaitazama

Ukiletewa video ya simulizi ya mgonjwa kwa ajili ya darasa la uuguzi, geuza skrini ukutani kwanza, uisikilize. Ikisimama kwa sauti peke yake, itazame. Ikiyumba, basi iliyokuwa ikiibeba ni picha ya machozi tu.

Alexandra, Johannesburg, ni mahali pazuri pa kunoa sikio hilo. Mtaa huu ulioanzishwa mwaka 1912, nyumba zikiwa zimebanana hadi mto Jukskei na maghorofa ya Sandton yakiuchungulia kutoka ng'ambo, hauna kimya. Tuseme mama mmoja wa yadi, uwanja mmoja wa vyumba vya familia nyingi, anaeleza miezi 6 ya dawa za kifua kikuu. Nyuma yake ndoo inajaa bombani, mlango wa bati unagongwa, mtoto anaita. Mhariri mwoga atayafuta hayo yote na kupachika kinanda. Mhariri anayeijua kazi ataiacha ndoo, maana ndoo ndiyo habari yenyewe: bomba ni la watu wote. Siku mwanafunzi atakapomwambia mgonjwa alale chumba cha peke yake na madirisha wazi, ataisikia ndoo ile tena na kuuliza kwanza, "Mama, mnalala wangapi?"

Sikiliza pia mgonjwa anaponyamaza. Akisema, "Nilibadilisha kliniki," kisha akatulia sekunde tano, je, video imemngoja? Hapo ndipo lilipo lile ambalo kadi ya kliniki hailiandiki: alikwenda foleni ya mbali asionwe na jirani. Kisa kisicho na jambo hata moja ambalo muuguzi hakulijua ni shukrani kwa kliniki, na shukrani hazifundishi. Machozi ya dakika ya kwanza pia siyaamini.

Halafu lugha. Mtu wa Alexandra anaweza kuanza sentensi kwa Kizulu akaimaliza kwa Kisepedi. Mgonjwa akizungumza nusu dakika na maandishi ya chini yakatoka maneno manne, uliza nani kayala mengine.

Urefu si kipimo. Filamu *Mother to Child* ya Jane Lipman, ya mwaka 2001, inawafuata wajawazito wawili wenye virusi vya UKIMWI katika hospitali ya Baragwanath, Soweto. Ilitoka mwaka mmoja kabla Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini haijaiamuru serikali iruhusu nevirapine, dawa ya kupunguza maambukizi ya mama kwa mtoto, itolewe katika hospitali za umma. Hiyo ni filamu ya kukaa nayo kitako. Simulizi za Patient Voices, mradi ulioanza Uingereza mwaka 2003, ni za dakika chache tu, na mwenye kisa huandika na kusoma maneno yake mwenyewe. Zote mbili zinafaa darasani.

Ninachokikagua mwisho, ingawa ndicho kizito kuliko vyote, ni ridhaa. Sahihi ya siku ya kurekodi haitoshi, kwani siku hiyo mtu hajui atakavyoonekana. Waundaji makini humwonyesha kazi iliyokamilika, wakamwuliza tena. Sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi huzipa habari za afya ulinzi wa pekee, na huko Alexandra sauti tu yatosha kumtambulisha mtu yadi nzima. Mwulize aliyekuletea video: mgonjwa mwenyewe ameshaiona? Akisitasita, mrudishie.