Sarufi ya Kilamba ya Doke, nasi wahubiri wa Kinsevere



Kitabu ninachokisemea hapa si kipya. Kilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1938. Mwandishi wake, Clement Doke, alikuwa mmisionari Mbatisti, aliyefika Kafulafuta mwaka 1914, katika inchi ya Walamba upande unaoitwa leo Zambia. Mtu asikikatae kwa sababu mwenyewe hakuwa wa Kanisa letu.

Huku Kinsevere wengi husema Kilamba ni Kibemba kilichoharibika. Hata mimi, nilipotoka seminari, nilisema hivyo. Siku moja mama mzee alianza kuungama kwa Kilamba. Nikamwomba, «Mama, rudilia kwa Kiswahili.» Akanyamaza kabisa. Siku ile ndiyo iliyonipeleka kwa Doke.

Uzuri wake ni huu: hakuchukua sanduku za sarufi ya Kilatini na kuzijaza maneno ya Walamba. Alisikiliza kwanza. Alisikia ile b laini ya abantu, ambayo midomo haifungi, na namna inavyokuwa ngumu ikitanguliwa na m. Aliona kwamba pa, ku na mu si vipande vya kupachika tu. Ni ngeli kamili, zenye kuamuru kitenzi. Basi, mtoto wa Katanga anayesema «mu nyumba» tunamkemea bure, eti si Kiswahili cha pwani. Kumbe anafuata sarufi ya Kilamba, Kibemba na Kisanga, sarufi ya babu zake.

Halafu kuna yale maneno ya picha, ambayo Doke mwaka 1935 aliyapa jina la ideofoni. Kiswahili kinayo pia: nyeupe pe, nyeusi ti. Yeye aliyahesabu kuwa aina ya maneno peke yake, si takataka za mazungumzo. Msikilizeni mzee akisimulia hadithi jioni, kisha sikilizeni mahubiri yetu ya Dominika. Sisi tumeyafuta yote, sababu tulijifunza kuhubiri kwa Kifaransa.

Lakini simsifu kwa yote. Majina yake ya sarufi ni mengi na mazito, tena kwa Kiingereza. Katekista wa kijiji hawezi kupita ukurasa wa kumi. Pia, ili kujua neno linaanzia na kuishia wapi, alitegemea sana mkazo wa silabi ya pili toka mwisho. Kwa njia hiyo alikataa kukatakata kitenzi, na hapo alikuwa na haki. Ila Kilamba huenda pia kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na maandiko ya kawaida hayaonyeshi jambo hilo. Anayesoma bila kumsikia mzee atasoma kama mgeni.

Zaidi, kitabu kilitoka Kafulafuta. Namna ya kusema ya Walamba wa Kaponda itatupasa kuiandika sisi wenyewe, mbele wazee hawajaisha, maana mgodi wa shaba umeleta watu wa lugha nyingi, na watoto wao hucheza kwa Kiswahili. Nimeanza daftari. Katekista akisikia neno la picha, aliandike pamoja na sentensi nzima, aniletee Jumamosi baada ya Misa.