Mgeni Ayafuate Maziwa

Msafiri anayefika Bagamoyo huelekezwa kwenye mawe: magofu ya Kaole, Caravan Serai, kanisa la wamisionari walioanza kazi yao hapo mwaka 1868. Ni vyema ayaone. Lakini barabara inayompitisha Mapinga, Kerege na Zinga inampitisha pia karibu na familia zinazofuga ng'ombe wa maziwa wawili au watatu nyuma ya nyumba, na huko hakuna anayemwelekeza. Hoja yangu ni kwamba ufundi wa familia hizo unastahili kutembelewa kama magofu yanavyotembelewa, na mahali pa kuuelewa ni palepale banda na jiko vinapotazamana. Sababu ni ya kimaumbile. Samaki hukaushwa akasafiri, nazi husafiri mwezi mzima, lakini maziwa mabichi katika joto la nyuzi 30 huanza kuharibika ndani ya saa chache. Pasipo na tangi la kupoozea jirani, haifai kuyasubiri mjini. Ni mlaji anayepaswa kuyafuata.

Ufundi wenyewe huanza kabla ya kukamua. Ng'ombe chotara mwenye damu ya Friesian au Ayrshire ana asili ya nchi za baridi, na jua la pwani likiwaka hupunguza kula, kisha hupunguza maziwa. Mfugaji anayejua kazi humjazia hori majani usiku na alfajiri, humtilia pumba na mashudu kwa kipimo, humwezekea banda kwa makuti yasiyochemka kama bati, na haachi maji yakauke. Wakati wa kukamua, kiwele huoshwa kwa maji ya vuguvugu, na huo si usafi peke yake: mguso ule ndio unaomfanya ng'ombe aachie maziwa, na hali hiyo hudumu dakika chache tu. Matone ya kwanza hukamuliwa pembeni, kwenye chombo cheusi, kwani mabonge yakionekana ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Halafu vidole hubana chuchu kutoka juu kushuka chini bila kuivuta. Maziwa yakiingia jikoni, ujuzi haukomi. Huchemshwa, huachwa yapoe mpaka kidole kivumilie, hutiwa kijiko cha mtindi wa jana, na joto lilelile lililokuwa adui huyagandisha usiku mmoja. Mtindi ukisukwa hutoa siagi, na siagi ikichemshwa polepole mpaka maji yaishe na mashapo yatulie chini huwa samli, inayokaa miezi bila jokofu. Kilo moja ya siagi hudai zaidi ya lita 20 za maziwa, ndiyo maana samli ya nyumbani haiwezi kuwa rahisi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya bara, kwamba pwani ni nchi ya samaki na nazi. Jiko la pwani lenyewe linawakanusha. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipokelewa Mogadishu kwa wali uliopikwa na samli, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na maziwa mgando yaliyoambatana na ndimu za achari. Hadi leo nyama ya biriani hulowekwa katika mtindi, halua hupikwa kwa samli, na chai ya wageni hupikwa kwa maziwa, iliki na tangawizi. Kinachopungua mezani kwetu ni ukaribu wa maziwa hayo: mara nyingi samli ni ya kopo, maziwa ni ya unga, na mpishi hajui yametoka kwa ng'ombe gani.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi. Kaskazini mwa mto Wami, ranchi ya Mkwaja ilifuga maelfu ya ng'ombe wa nyama kuanzia miaka ya 1950. Mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, viliitia katika gharama zisizokwisha, mwaka 2000 ikafungwa, na ardhi yake leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kama ranchi yenye majosho na wataalamu ilishindwa, familia yenye ng'ombe wawili itaweza nini? Jibu ni kwamba uchache huo ndio nguvu yake. Kundi linalolishwa porini hukutana na mbung'o kila siku. Ng'ombe wa bandani huletewa majani, hupekuliwa masikio kuondolewa kupe waletao ndigana kali, na akisusa chakula asubuhi, mwenye nyumba anajua kabla ya adhuhuri. Tanga, mwambao huuhuu, ni ushahidi. Wafugaji wadogo walioungwa mkono na Uholanzi tangu miaka ya 1980, wengine wakianza na mtamba wa kukopa aliyelipwa kwa mtamba, walijenga vyama vya ushirika na umoja wao, TDCU, ambao ni mbia wa kiwanda cha Tanga Fresh. Kiwanda hicho hakiipingi hoja yangu. Kinaonyesha kwamba maziwa husafiri panapokuwa na ushirika na matangi ya baridi. Pasipo na hayo, mgeni anayekula nyumbani ni soko lisilohitaji tangi.

Kuna pia hofu mbili za haki. Ya kwanza ni afya: maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba, kwa hiyo sifa ya ufundi huu isitumiwe kutetea kunywa yasiyochemshwa. Ya pili ni heshima: nyumba ya watu si maonyesho, na mara nyingi anayeamka alfajiri na kupika mchana ni mama yuleyule. Kazi yake haipaswi kulipwa kwa shukrani na picha. Basi anayepanga safari ya Bagamoyo atoe taarifa mapema, asiingie bandani bila idhini, ale alichopikiwa, na alipe bei aliyotajiwa bila kuomba apunguziwe.