Ngozi ya Mtu, Ngozi ya Mkanda

Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya mezani uliozaliwa Uingereza mwaka 1987, hauji ukiwa na rangi. Unanunua wanajeshi wa plastiki ya kijivu, unawaunganisha kwa gundi, halafu unaketi na brashi. Binadamu wa kawaida humo ana urefu wa kama milimita 28, na uso wake ni mdogo kuliko punje ya hindi. Uso huo ndio mtihani wa mpakaji, na ndio unaonipa maneno leo.

Njia inayofundishwa sana ni hii. Kwanza rangi ya msingi. Kisha rangi ya majimaji inayoteremka kwenye mikunjo na kukaa huko kama kivuli. Mwisho, rangi angavu pale mwanga unapogonga: paji la uso, pua, mashavu. Njia iko poa. Shida ni mazoea ya kudhani kwamba kuongeza mwanga ni kuongeza nyeupe. Kwa ngozi ya Mzungu hilo linapita. Jaribu kwa ngozi ya kahawia uone: askari anapauka, mwili mzima kama mtoto aliyetoroka asubuhi kabla ya kupakwa mafuta. Shujaa wa karne ya 41, na hana hata Vaseline!

Hebu tazama majina ya rangi zenyewe. Citadel, rangi za Games Workshop wanaotengeneza mchezo huu, zamani zilikuwa na Elf Flesh, Dwarf Flesh na Dark Flesh. Hiyo Flesh ni mwili, ngozi ya mtu. Mbili za kwanza zilikuwa za ngozi nyeupe, moja imefifia, nyingine imechomwa kidogo na jua. Ya tatu ilikuwa kahawia. Mwaka 2012 majina yakabadilishwa. Elf Flesh ikawa Kislev Flesh. Dwarf Flesh ikawa Ratskin Flesh. Na Dark Flesh? Ikawa Doombull Brown. Yaani panya alipewa mwili, kahawia ikapewa fahali.

Sisemi kulikuwa na njama. Lakini jina kwenye kopo humwambia anayeanza rangi hiyo ni ya kazi gani. Kiswahili kina neno moja, ngozi, kwa mtu na kwa mkanda. Kopo lile likabaki na ya mkanda tu. Baadaye ilikuja Catachan Fleshtone, kahawia iliyoiva, na hapo nawapa heko.

Utaniuliza, si kuna Salamanders? Kuna, na ni wasee wazuri: deraya za kijani, macho mekundu, sifa ya kuwalinda raia wanyonge. Ila weusi wao ni wa makaa, unaoelezwa kuwa matokeo ya mionzi ya sayari yao. Hakuna binadamu wa rangi hiyo. Kumpaka ni kama kupaka jiwe: nyeusi, kisha kijivu kwenye kingo. Mtu anaweza kumaliza jeshi zima la Salamanders bila kujifunza uso wa Mwafrika hata mmoja.

Kujifunza kwenyewe si uchawi. Anza na kahawia nzito. Kwenye kivuli tia tone la zambarau au buluu, usikimbilie nyeusi tupu. Ukipanda kuelekea mwanga, nenda upande wa chungwa na wekundu, kwa tabaka nyembamba zilizozimuliwa kwa maji. Nukta ya mwisho, ndogo sana, iwe ya ubaridi, kijivu chenye buluu, kwenye paji na ncha ya pua, kwa sababu ngozi nyeusi yenye afya hung'aa. Halafu geuza mkono: kiganja kiwe chepesi kuliko mgongo wake. Hapo ndipo namjua mpakaji aliyewahi kutazama watu, na yule aliyetazama video tu.

Katika mechi rasmi za toleo la 2023, jeshi lililopakwa rangi kwa kiwango cha chini hupata pointi 10 kati ya 100. Pointi hizo hazikagui kiganja wala kupauka. Kazi hiyo imebaki kwetu tunaosimama kando ya meza. Ukialikwa kusifu jeshi la mtu, kabla ya kustaajabia panga na bendera, inama kidogo umtazame askari mweusi usoni. Kama amepauka, mwambie mwenyewe kwa upole, kisha mwelekeze lilipo kopo la chungwa.