Kubadili vizingiti vya Beetle bila kuipinda bodi

Ukitaka kununua Volkswagen Beetle ya zamani iliyokarabatiwa, iache rangi kwanza. Fungua mlango wa dereva, uunyanyue kidogo kwa mkono, kisha ufunge polepole. Mlango ukigonga kitasa badala ya kuingia wenyewe, au mwanya kati ya mlango na bodi ukiwa mwembamba juu na mpana chini, kuna uwezekano mkubwa kwamba vizingiti vilibadilishwa na fundi aliyekata kabla ya kupima. Kosa hilo halirekebishiki kwa puti. Kulirekebisha ni kukata upya.

Gari ninalolichambua hapa ni Beetle ya mwaka 1968 iliyoishi pwani. Limeliwa pale wenzake wote wanapoliwa: vizingiti, sakafu, na sehemu za chini za madigadi. Chumvi ya baharini imefanya kazi ambayo Ulaya hufanywa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Sakafu ya kulia nyuma imetoboka zaidi, kwa sababu betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma upande huo, na tindikali yake ikidondoka hula bati taratibu bila mtu kuona.

Kutu hii haifanani na kutu ya boneti, na sababu ni jinsi Beetle ilivyojengwa. Haina chesi ya ngazi kama Land Rover, wala si bodi ya kipande kimoja kama magari ya leo. Chini kuna uti wa mgongo wa chuma, na mabati mawili ya sakafu yamechomelewa kushoto na kulia kwake. Bodi hukaa juu ya sakafu hiyo, imefungwa kwa bolti zaidi ya 20, na gasketi ya mpira iko katikati. Ukingo wa chini wa bodi, kila upande, ni kizingiti chenye uwazi ndani. Nguzo za milango zimesimama juu yake, bolti za sakafu hukaza ndani yake, na hewa ya moto kutoka kwenye injini ya nyuma hupita humo hadi miguuni na kwenye kioo cha mbele. Umbo hilo lina nguvu kweli. Beetle ilitwaa ushindi wa mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara zilizovunja magari ya bei kubwa kuliko yake. Lakini kizingiti kikioza, nguvu yote hiyo inabaki jina.

Paneli za kopi za Beetle zipo tele, na huko ndiko watu wengi wanakopotea. Wanafikiri zote ni sawa. Digadi la mbele la kabla ya Agosti 1967 lina taa iliyolala, na la baada ya hapo lina taa iliyosimama. Sakafu za kuanzia gari la 1973 zina reli tofauti za viti. Halafu kuna unene: sakafu moja inauzwa ikiwa na bati la karibu milimita 1.2, nyingine karibu 0.8, na zikiwa zimepakwa rangi nyeusi dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Pima ukingo kwa maikromita, au zibebe zote mbili kwa mkono. Mimi sishauri ile nyembamba hata ikiuzwa nusu bei. Inatoboka kwa moto wa kuchomelea, na ikipona inacheza chini ya miguu.

Madigadi hayana shida, yanafungwa kwa bolti na kijana mwenye spana anayabadili kabla ya chakula cha mchana. Kazi yenyewe iko kwenye sakafu na vizingiti, na mafanikio yake yanategemea mpangilio.

Fundi aliyelikarabati gari hili alianza nalo likiwa zima. Milango ilining'inizwa vizuri, mianya ikapimwa sehemu kadhaa na vipimo vikaandikwa kwa chaki kwenye bodi yenyewe. Kisha akachomelea fremu ya mabomba ndani: bomba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kufuli kila upande, na mengine kukatiza kutoka kulia kwenda kushoto. Bila mabomba hayo, ukitoa kizingiti nguzo zinasogeleana, na hutajua mpaka mlango ukatae kufunga.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Hakugusa kizingiti. Alitoa kwanza bati bovu la sakafu upande mmoja, akaweka jipya, akalifunga kwa bolti kwenye kile kizingiti cha zamani kilichooza, na hapo ndipo akalichomelea kwenye uti wa mgongo. Matundu machache yaliyobaki mazima yalitosha kuonyesha sakafu ikae wapi. Sasa sakafu mpya ina kipimo cha kiwandani, na kizingiti kipya kikija kitafuata matundu ya sakafu hiyo. Kipimo kimerithishwa kutoka bati la zamani hadi jipya. Angeng'oa vyote viwili kwa pamoja, angebaki na kopi mbili zinazobishana na hakuna wa kuamua.

Na zinabishana kweli. Kizingiti kipya kilipolazwa juu ya sakafu, nati zake za ndani mbili hazikulingana na matundu. Fundi hakukipiga nyundo. Alirefusha matundu ya sakafu kwa tupa, kidogo kidogo, kwa sababu sakafu inaweza kuvumilia hilo ila nguzo ya mlango haiwezi kuvumilia kizingiti kilichosogezwa. Kati ya sakafu na kizingiti aliweka vipande vya chuma vyenye unene wa gasketi iliyokazwa. Gasketi yenyewe ingeungua kwa moto, na bila kitu mahali pake kizingiti kingekaa chini kuliko inavyotakiwa.

Baada ya hapo alikibana kwenye nguzo, akarudisha mlango, akafunga, akatazama mwanya, akalegeza, akasogeza, akafunga tena. Alama ndogo za moto zikafuata, kisha mlango tena. Ulipoingia wenyewe ndipo akachomelea kikamilifu, akijaza matundu aliyotoboa kwenye ukingo, moja huku na lingine mbali ili joto lisijikusanye mahali pamoja. Upande wa pili haukuguswa mpaka huu ulipokwisha.

Bodi ikainuliwa, chini ikapakwa praima na rangi, gasketi mpya ikawekwa, bodi ikarudi. Mwishoni nta ilipulizwa kwenye mikunjo ya vizingiti na matundu ya kutolea maji yakaachwa wazi. Njia ya hewa ya moto haikutiwa nta, maana ikipata joto harufu yake huingia ndani ya gari. Mwenye gari alitaka njia hiyo izibwe kabisa, kwa kuwa pwani hakuna anayehitaji joto. Fundi alikataa, na nadhani alikuwa sahihi: gari hili litauzwa siku moja kwa mtu wa Mbeya au Limuru, na asubuhi ya Julai atahitaji kioo kisicho na ukungu.