Herufi za Neuland na Dai la Uafrika

Wahakiki wetu wamezoea kuanza kazi yao katika ukurasa wa kwanza wa kitabu. Jalada huachiwa mchapaji, kana kwamba sura ya herufi haina maana yoyote. Makala haya yanalipinga zoea hilo kwa kuchunguza hati moja ya chapa, Neuland, ambayo kwa miaka mingi imepamba majalada ya vitabu na matangazo yahusuyo Afrika.

Neuland ilitolewa mwaka 1923. Mbunifu wake, Rudolf Koch, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha herufi cha Klingspor huko Offenbach, Ujerumani. Koch hakuzichora herufi hizo kwanza. Alizichonga moja kwa moja katika chuma. Ndiyo sababu ni nene, zina pembe kali, na kingo zake hazilingani. Tena ziliundwa kwa herufi kubwa tu. Asili yake, basi, ni karakana ya Ulaya.

Wapo watakaodai kwamba asili si hoja, maadamu herufi hizo zafanana na uchongaji wa mti. Dai hili halisimami. Hati ya Lithos, iliyobuniwa na Carol Twombly mwaka 1989 kwa kufuata maandishi ya mawe ya Wayunani wa kale, nayo imetumiwa vivyo hivyo kuwa alama ya Uafrika. Kinachoziunganisha hizi mbili si Afrika, bali ni dhana kwamba kilicho cha Kiafrika sharti kionekane kigumu na kisichokamilika. Ilhali Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa mwandiko wa kalamu.

Iko pia hoja ya kiisimu. Kiswahili ni lugha ya viambishi, na maneno yake huwa marefu. Neno “waliotutangulia” likiandikwa kwa herufi ndogo, l, t na g hulipa umbo linalotambulikana upesi. Likiwa WALIOTUTANGULIA, huwa ukuta mmoja, na unene wa Neuland huuzidisha ukuta huo. Kanga nazo hutumia herufi kubwa, lakini jina la kanga ni fupi, na husomwa kwa mtupo mmoja wa jicho.

Hatuikatai Neuland kwa unene wake. Hapa Eldoret, penye Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuchukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, sura ya chuma na mashine si ngeni. Riwaya ya wafanyakazi wa viwandani ingeweza kuivaa hati hiyo kwa haki, maana umbo na maudhui vingeafikiana. Lakini diwani ya mashairi ya mapenzi ikivikwa Neuland kwa sababu tu mtungaji wake ni Mwafrika, msomaji amekwisha kuhukumiwa kitabu kabla hajakifungua.

Hatuna budi, basi, kulifundisha jalada kama sehemu ya matini, na kuwahimiza waandishi wetu waulize mapema kazi zao zitavishwa herufi gani, na kwa nini.