Kwaya Inayonong'ona Regina Mundi

Wewe unayependa kwaya, acha unachofanya unisikilize: Bujumbura kuna waimbaji wanaojua kuimba kwa sauti ya chini mpaka mwili unasisimka! Nimewasikia jana jioni kwa mara ya kwanza, ndani ya Kanisa Kuu la Regina Mundi, na tangu nitoke pale kila mtu niliyekutana naye nimemsimulia, akiwemo dereva wa teksi.

Dunia inaijua Burundi kwa ngoma. Ni haki yake. Wale wapigaji wanaoingia uwanjani na ngoma vichwani ni fahari ya Afrika nzima, na UNESCO iliiingiza sanaa yao kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Lakini nchi hiyohiyo ina ufundi mwingine unaosimama mbali kabisa na kishindo, nao ni ufundi wa kunong'ona. Huo ndio niliousikia jana ukiingizwa kwenye muziki mtakatifu, na sijui kwa nini haujatangazwa kila mahali.

Kanisa lilijaa mapema. Hapa ndipo penye kiti cha askofu wa jimbo lililoanzishwa mwaka 1959, mji ukiitwa bado Usumbura, likapandishwa hadhi kuwa jimbo kuu mwaka 2006. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kando yangu, mkazi wa mtaa wa Buyenzi, Kiswahili chake kitamu kuliko changu, alinisimulia kwamba miaka ya vita iliyoanza mwaka 1993 walikuwa wakifanya mazoezi ya kwaya mchana kweupe ili kila mtu awahi nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Hawakuacha kuimba. Aliyasema hayo bila kuinua sauti, macho yake yakiwa kwa waimbaji waliokuwa wanajipanga, vijana kwa wazee, kutoka parokia mbalimbali za mji.

Walianza na Mozart, "Ave verum corpus". Wimbo huu aliuandika Juni 1791 kwa ajili ya rafiki yake Anton Stoll, mwalimu wa kwaya ya parokia huko Baden karibu na Vienna, na Desemba ya mwaka huohuo Mozart akafariki. Una hatua 46 tu! Maelekezo aliyowaachia waimbaji ni haya tu: sauti ya chini. Kwaya nyingi nilizozisikia huyapita maelekezo hayo haraka ili zifike mahali pa kupaza. Hawa walikaa nayo. Soprano walipanda bila kukaza koo, besi wakawa wanasikika zaidi kifuani kwako kuliko masikioni, na karibu na mwisho, pale wanawake wanapotangulia na wanaume kuwafuata nyuma kwa maneno yaleyale, nilijikuta nimeshika benchi la mbele. Mwalimu wao aliongoza kwa vidole vya mkono mmoja. Vidole tu!

Kisha Fauré, "Cantique de Jean Racine", aliyoitunga akiwa kijana wa miaka 19, bado mwanafunzi. Besi wanaingia kwanza, teno juu yao, alto, soprano, sauti moja inaikalia nyingine. Kifaransa chao ni safi, jambo la kutarajiwa Bujumbura, na kila neno nililisikia. Baada ya hapo wakapasua: "Sanctus" ya Missa Luba, ile misa iliyozaliwa Kamina, Katanga, mwaka 1958 chini ya Padri Guido Haazen, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ngoma, njuga, mwimbaji kiongozi anayerusha na kwaya inayodaka. Watu walipiga vigelegele kabla haijaisha. Ilipendeza sana, ingawa kwa moyo wangu wote nasema haikuwa kilele.

Kilele kilikuja pale kinanda cha umeme kilipozimwa.

Mzee mmoja alitoka pembeni akaketi kwenye kigoda mbele ya altare, akalaza inanga mapajani. Kwa ambaye hajaiona, inanga ni ubao uliochimbwa katikati, kamba zikipita juu yake kwenda na kurudi. Nchini Burundi mara nyingi mpigaji wake haimbi, ananong'ona. Michel Vuylsteke, aliyezunguka nchi hii na vinasa sauti mwaka 1967 na kutoa santuri kupitia lebo ya Ocora, aliunasa mnong'ono huo, na wataalamu wa sauti wameuchunguza tangu hapo kwa sababu ya ajabu moja. Kirundi ni lugha ya toni; neno likipandishwa au kushushwa linabadilika. Mnong'ono hauna kupanda wala kushuka. Kwa hiyo kamba ndizo zinazobeba toni, mdomo unabeba maneno, na sikio la msikilizaji linaunganisha viwili hivyo mpaka unaapa kwamba mzee anaimba. Nilikuwa nimesoma habari hiyo. Kuisikia hatua chache kutoka ulipo ni jambo jingine kabisa!

Sasa sikia walichofanya. Mzee alianza zaburi kwa Kirundi, peke yake, kwa mnong'ono. Alto wakaipokea toni ya kamba na kuishikilia kwa midomo iliyofungwa. Teno wakanong'ona ubeti wa pili pamoja naye, makumi ya watu wakinong'ona kwa pumzi moja, na kanisa lote likajaa sauti ambayo hukuweza kusema inatoka wapi. Hapakuwa na noti hata moja iliyoimbwa kwa nguvu, lakini zaburi ilisikika, wimbo wake ulisikika, hadi mlangoni, ambako watu waliokosa viti walikuwa wamesimama. Mama wa Buyenzi alikuwa anasogeza midomo pamoja nao. Nikaelewa kwa nini Mozart yao ilikuwa vile: watu hawa hawakuhitaji kufundishwa na Mzungu yeyote kwamba sauti ya chini ina uzito, wamezaliwa ndani yake.

Palikuwa pia na Aleluya iliyojengwa juu ya akazehe, maamkizi ya wanawake wa Burundi, wawili wakipokezana silabi kwa kasi hadi huwezi kutenganisha ya nani ni ipi. Wasichana wawili waliifanya wakitazamana usoni. Fupi mno! Naiomba mara mbili safari ijayo.

Walifunga kwa Kiswahili, wimbo wa shukrani wa mtindo wa kwaya zetu za Tanzania, na hapo kanisa zima likaimba. Nilimuuliza mmoja wa teno baadaye aliujulia wapi. Alijifunza akiwa mtoto kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, nchini Tanzania, kabla kambi haijafungwa mwaka 2012, akarudi nao nyumbani.

Ombi langu kwa wenye uwezo: warekodini. Msiwapeleke studio, msiwawekee ngoma za kompyuta wala kinanda kinachofunika kila kitu, kama tunavyofanya kwenye video zetu nyingi za kwaya. Wekeni vinasa sauti humo humo Regina Mundi, jioni, milango ikiwa imefungwa, mzee wa inanga karibu kabisa na kinasa cha kwanza, na muanze na ile zaburi.