Kapasita Zilivyoizima Time Capsule, na Mafundi Walivyoifufua

Januari 2008, Steve Jobs wa Apple alipanda jukwaani San Francisco kutangaza Time Capsule: ruta ya Wi-Fi na diski ngumu ndani ya boksi moja jeupe, bapa, lisilo na adapta ya kuning'inia ukutani. Mitambo ya umeme ilikuwa humohumo ndani. Kwa mnunuzi ilikuwa raha, maana waya mmoja ulitosha. Kwa kapasita zilizofungiwa humo, yalikuwa mateso.

Mwaka uliofuata malalamiko yakaanza kumiminika. Mashine nyingi zilizima ghafla baada ya takriban mwaka mmoja na nusu na hazikuwaka tena. Julai 2010 Apple ikakubali kwamba baadhi ya Time Capsule zilizouzwa kati ya Februari na Juni 2008 zilikuwa haziwaki, au zikiwaka huzima zenyewe, ikaahidi kuzitengeneza au kuzibadilisha bure. Wenye mashine za baadaye, ambazo dhamana ilikuwa imekwisha, walibaki na njia mbili: kutupa au kushika bisibisi.

Kuifungua kwenyewe kunataka subira. Chini ya boksi kuna tandiko la mpira lililogandishwa kwa gundi, na skrubu zimejificha nyuma yake. Fundi hulipasha joto kwa draya ya nywele mpaka gundi ilegee, kisha hulibandua polepole kuanzia pembeni lisichanike. Ndani, bodi ya umeme imebanana na diski ngumu. Ikitolewa kwenye ganda lake, mara nyingi ugonjwa unaonekana kwa macho: kapasita za alumini ambazo vichwa vyake vilipaswa kuwa bapa vimevimba, na vingine vimefumuka kwenye alama ya msalaba na kuacha utandu wa kahawia.

Kapasita ya aina hii ni tepe za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa elektroliti. Kazi yake ni kutuliza umeme usipande na kushuka. Joto hukausha yale majimaji. Yakipungua, ukinzani wa ndani hupanda. Ukinzani ukipanda, kapasita nayo huzidi kuchemka. Gesi inayojaa ndani ndiyo inayovimbisha kichwa.

Hapa hesabu inasema mengi. Kapasita ya kawaida hupewa na kiwanda uhai wa saa 2,000 kwenye nyuzi 105 za Selsiasi, na kanuni ya wahandisi ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, uhai huongezeka maradufu. Kwenye nyuzi 75 zinapatikana saa 16,000. Kwenye 55, saa 64,000. Mwaka mmoja na nusu wa kuwaka usiku na mchana ni saa 13,000 na ushee. Kapasita ya daraja hilo ikifa kwa muda huo, si lazima iwe ilitoka kiwandani ikiwa mbovu. Inatosha iwe imeishi kwenye nyuzi 78 hivi. Kwenye 55 ingevuka miaka saba.

Ndiyo tofauti na janga la miaka michache kabla yake, ambapo kapasita nyingi kutoka Taiwan zilijazwa elektroliti yenye kasoro na kuharibu bodi za kompyuta duniani kote. Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kompyuta zilizoathirika. Kule tatizo lilikuwa kemia. Kwenye Time Capsule, mtuhumiwa mkuu ni joto la boksi.

Kubadilisha kapasita kuna masharti yasiyopindishwa. Kwanza usalama: kwenye umeme wa volti 230, kapasita kubwa ya upande wa ukutani huchajiwa hadi karibu volti 325, na inaweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa. Fundi huiondoa chaji kupitia rezista, kisha huhakikisha kwa multimita kabla hajagusa kitu. Pili kipimo: maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, nyuzi 105, na ukinzani mdogo wa ndani. Tatu mwelekeo: mstari ubavuni huonyesha mguu wa hasi, na picha iliyopigwa kabla ya kung'oa huokoa mengi.

Kung'oa ndiko kunakowashinda wengi. Mguu uliounganishwa na eneo pana la shaba hunyonya joto, lehemu ikakataa kuyeyuka, na anayevuta kwa nguvu huondoka na tundu zima la shaba. Dawa yake ni kuongeza lehemu mpya juu ya ile ya zamani, kusubiri iyeyuke yote, kisha kuutoa mguu bila kulazimisha.

Kapasita mpya zikishakaa, mashine huwaka. Lakini kuzirudisha kwenye boksi lilelile lenye joto lilelile ni kuanza kuhesabu saa upya. Waliolielewa hilo waliweka kapasita za daraja la juu zenye uhai wa saa nyingi zaidi, wakatoboa matundu ya hewa, au wakauhamishia mtambo wa umeme nje ya boksi na kuingiza volti 12 na 5 kwa waya. Hayo ndiyo yaliyostahili kuitwa matengenezo.

Somo linazihusu ruta ndogo za nyumbani pia. Adapta yenye kapasita iliyochoka inaweza kuonyesha volti 12 kamili ikipimwa peke yake, kisha ikaporomoka pale ruta inapoanza kurusha Wi-Fi; ruta hujizima na kuwaka upya bila kikomo, na mwenye nyumba akamlaumu mtoa huduma wa intaneti. Kwa hiyo, kabla ya kununua ruta nyingine, jaribu kwanza adapta nyingine yenye volti zilezile, ampia zisizopungua na plagi ya mpangilio uleule wa chanya na hasi. Na ruta ikae mahali penye hewa, si juu ya dekoda wala nyuma ya televisheni.